Kabla ya Kufungua Folda kwa Kila Mtu, Jua Programu Inaandika kwa Jina la Nani

Katika kazi ya kutunza seva za Windows, hakuna ushauri unaonisikitisha kama ule wa kumwambia mtu aliyekutana na kosa la "Access is denied" (umenyimwa ruhusa) aende kwenye folda, aongeze kundi la Everyone, yaani kila mtu, na kulipatia ruhusa zote. Kosa huondoka papo hapo, na ndiyo maana ushauri huo haukomi. Folda inayopokea faili za watumiaji wa tovuti, hata hivyo, huachwa wazi kwa kila akaunti inayoweza kuingia kwenye seva, na swali lenyewe hubaki bila jibu: programu ilikuwa ikitaka kuandika kwa jina la nani?

Kwenye IIS, seva ya wavuti ya Windows, jina hilo hubadilika. Tangu toleo la 7.5, lililokuja na Windows Server 2008 R2, kila kundi la programu (application pool) huendeshwa kwa akaunti yake, kwa mfano `IIS AppPool\Masijala`, isipokuwa msimamizi achague nyingine. Lakini ukiweka `<identity impersonate="true" />` kwenye web.config, faili ya mipangilio ya programu ya ASP.NET (mfumo wa Microsoft wa kuunda programu za wavuti), ombi huvaa utambulisho wa mtumiaji aliyeingia kwa akaunti yake ya Windows, na NTFS, mfumo wa faili wa Windows, hupima ruhusa za mtu huyo badala ya zile za akaunti ya kundi la programu.

Niliwahi kuitwa katika ofisi moja ambako mkuu wa masijala aliweza kupakia barua zilizoskaniwa ilhali makarani wake walikataliwa. Aliyeandika programu alisisitiza kwamba kwake inafanya kazi, na alisema kweli, kwa kuwa kwenye kompyuta yake alikuwa na mamlaka ya msimamizi. Nilifungua Process Monitor, zana ya Microsoft inayoonyesha kila mchakato unagusa faili gani, nikachuja matokeo ya ACCESS DENIED. Mchakato wa w3wp.exe, ambao ndio huendesha programu za IIS, ulikuwa wa akaunti ya kundi la programu, lakini kwenye safu ya maelezo palionekana neno Impersonating (kuvaa utambulisho wa mwingine) likifuatiwa na jina la karani. Ruhusa za akaunti ya kundi, ambazo watu walikuwa wamezihangaikia, hazikuhusika kabisa.

Programu ile tayari ilikuwa ikikagua yenyewe nani anaruhusiwa kufanya nini, kwa hiyo haikuhitaji kuvaa utambulisho wa mtu yeyote. Tuliuzima mpangilio ule, kisha tukatoa ruhusa kwa folda moja tu:

`icacls D:\Masijala\Barua /grant "IIS AppPool\Masijala:(OI)(CI)M"`

Alama za (OI)(CI) huzirithisha ruhusa hizo faili na folda za ndani, na M huruhusu kusoma, kuandika na kufuta bila kuruhusu kubadilisha ruhusa zenyewe. Folda ya kodi (code) ya programu ilibaki ya kusomwa tu. Hilo nalisisitiza sana, kwa sababu mahali panapoandikika na kuendesha kodi kwa pamoja, mtu akifanikiwa kupakia faili ya .aspx, yaani ukurasa wa ASP.NET ambao seva huuendesha, huwa ameweka programu yake ndani ya seva yako.

Kuvaa utambulisho wa mtumiaji kuna mahali pake: pale ambapo nyaraka tayari zina ruhusa za kila idara, nawe unataka tovuti iziheshimu. Nyaraka hizo zikiwa kwenye seva nyingine, bila kuandaa ukasimishaji wa Kerberos (itifaki ya kuthibitisha watumiaji), yaani kuiruhusu seva ya wavuti kupitisha utambulisho wa mtumiaji, utambulisho huo hauvuki. Jaribio litafaulu ukifungua kivinjari kwenye seva ya wavuti yenyewe, kisha litashindwa kwenye kompyuta za watumiaji. Bila kuvaa utambulisho, akaunti ya kundi hutoka kwenye mtandao kwa jina la kompyuta, lenye alama ya $ mwishoni, na hilo ndilo la kupewa ruhusa, kwenye folda na kwenye ushirikishaji wake wa mtandao (share) pia, kwani ruhusa iliyo finyu zaidi ndiyo inayoshinda.

Na endapo faili zilizopakiwa ndizo pekee zisizofunguka, angalia kama programu huzipokea kwenye folda ya muda kisha kuzihamisha. Faili ikihamishwa ndani ya diski ileile hubaki na ruhusa za ilikotoka. Ikinakiliwa, hurithi za folda inakowekwa.