Re: Picha za droni na kamera ya majini, ufukwe wa Entebbe

Ndugu, umeuliza kama picha zako mbili za droni zinathibitisha kwamba ufukwe umeliwa mita tatu, na kwa nini kamera ya majini inatoa ukungu wa kijani tu.

Kuhusu hizo mita tatu, usitangaze bado. Angalia kwanza kimo cha maji ya Ziwa Victoria siku zote mbili kwenye kipimo cha Jinja, kinachosoma kupanda na kushuka kwa ziwa. Ufukwe ukiwa na mteremko wa 1 kwa 30 (unashuka mita moja kila mita 30), ziwa likipanda sentimita 10 tu, maji yanaingia mita tatu nchi kavu bila punje ya mchanga kuondoka. Pima ukingo wa juu wa mmomonyoko au mstari wa mimea, si mstari wa maji. Gugu maji nalo hudanganya: upepo ukilisukuma pwani, utadhani ni ardhi.

Rusha droni mita 80 juu, picha zipandane asilimia 80 mbele na 70 pembeni, uweke alama tano au zaidi ardhini, zilizopimwa kwa jipiesi ya usahihi wa sentimita. Ya simu hukosea mita kadhaa, yaani kosa lenyewe linalingana na unachotafuta! Ruka asubuhi, kabla upepo wa ziwa haujaamka. Na kibali cha droni ukipate mapema.

Ule ukungu ni mwani na tope. Taa iweke pembeni, mbali na lenzi, sogea hadi nusu mita kutoka kwa unachopiga picha. Ukitaka ramani ya sakafu ya ziwa, tumia sona, kifaa kinachopima kwa mwangwi wa sauti.