Tofali ngumu siku ya pili, siku ya 28 zinapitwa

SWALI: Shikamoo injinia. Mi nafyatua tofali za inchi 6 huku Mbagala. Nimebadili saruji juzijuzi, siku ya pili tu tofali ziko ngumu mpaka nafurahi, ila maabara siku ya 28 zimekuja chini ya zile za saruji yangu ya zamani iliyokuwa inaanza taratibu. Mchanga ule ule, vipimo vile vile. Inakuwaje?

JIBU: Marahaba fundi, na hongera sana kwa kupima, maana wengi wanagonga tofali kwa ngumi tu wanapakia kwenye kirikuu.

Inawezekana kabisa ni alkali, yani zile chumvi za sodiamu na potasiamu zinazoingia kwenye saruji kutoka kwenye udongo na mafuta ya tanuru. Zile zinazoyeyuka haraka, hasa zilizoungana na salfeti, ukitia maji tu dakika chache zishaingia humo, maji yanakuwa makali, pH (kipimo cha ukali huo) inapita 13, na ukali huo unaisukuma saruji ishike mapema ndo maana siku ya pili unaona raha. Sasa ile gundi inayoshika mchanga ikijengeka kwa pupa hivyo haijipangi vizuri, inazizunguka punje za saruji na maji yanapenya kwa shida kwenda ndani, kwa hiyo siku za mbele nguvu haipandi kama ya ile iliyoanza polepole.

Kiwandani wanachukua asilimia ya potasiamu oksaidi mara 0.658, wanajumlisha na ya sodiamu oksaidi, jumla ikiwa chini ya asilimia 0.60 inaitwa saruji ya alkali ndogo. Ila hiyo ni jumla yote, haikwambii ngapi inayeyuka haraka, na wewe inayokuhusu ni hiyo inayoyeyuka.

Lakini usiilaumu saruji kwanza! Joto nalo linafanya vile vile, tofali la jua la Januari linawahi kushika alafu baadaye linapitwa na lililofyatuliwa Julai, sasa zile za zamani ulizifyatua mwezi gani? Fyatua za saruji zote mbili siku moja, weka kivulini, mwagilia siku 7 bila kuruka, pima siku ya 3, ya 7 na ya 28. Na uandike namba iliyopigwa kwenye mfuko, maana alkali inabadilika toleo kwa toleo hata kwa saruji ile ile.