Taa inawaka, mifupa inalainika: kwa mnaoanza kufuga geko

Wiki hii pekee nimeulizwa na watu wanne: "Mjusi wangu hali, nimpe nini?" Nikiuliza uzito, kimya. Nikiuliza joto la sakafu upande wa moto, najibiwa "la kawaida". Wadogo zangu, kawaida ni nyuzi ngapi? Nawapenda, ila mijusi wenu wanateseka kwa makosa yale yale tuliyoyafanya sisi. Nazungumzia geko chui, maana ndiye wengi mnaanza naye.

1. Joto. Sakafu upande wa moto iwe karibu nyuzi 32, upande wa baridi 24 hadi 26, na mkeka wa joto usichomekwe kamwe bila themostati, kile kifaa cha kudhibiti joto. Mjusi mwenye baridi hasagi chakula, kwa hiyo usimlishe kwa nguvu kabla hujapima.

2. Kalsiamu. Hapa nitakaa, maana ndipo nilipomuumiza jike wangu wa kwanza.

Nilikuwa na taa ya UVB, ile yenye miale inayomsaidia mjusi kutengeneza vitamini D3. Kila siku iliwaka vizuri, nami roho yangu kwatu. Sikujua kwamba taa hizo huendelea kung'aa hata miale yenyewe ikiwa imeshafifia. Yangu ilikuwa na mwaka na ushei. Unga wa kalsiamu niliwapaka nyenje, nikawamwaga wote ndani ya tanki, nikaenda zangu. Asubuhi waliobaki wako safi, wamejipangusa unga wote, na mjusi anawala hivyo hivyo. Tena unga wenyewe haukuwa na vitamini D3, kwa hiyo hata kidogo alichomeza utumbo haukukifyonza inavyotakiwa. Nyenje wana fosforasi nyingi kuliko kalsiamu. Mwili ukipungukiwa, unakwenda kuchota kwenye mifupa.

Dalili zilikuwepo. Alianza kutembea tumbo likiburuzika, nikasema ameshiba. Akawa anamkosa nyenje mara mbili, mara tatu, nikasema uvivu. Vidole vikatetemeka nikimshika, nikasema ananiogopa. Kila dalili niliipa jina zuri. Mpaka siku nilipomgusa taya la chini kwa ncha ya kidole, likabonyea kama ganda la yai lililolowekwa kwenye siki. Nguvu ziliniisha. Kwenye picha ya eksirei mifupa ilionekana hafifu kama moshi, na mkono wa kushoto ulikuwa umevunjika ukaunga vibaya bila mimi kujua. Alipata nafuu baada ya miezi ya kalsiamu ya maji na taa mpya, lakini mkono ulibaki umepinda na taya halikurudi sawa. Nilimlisha kwa kibanio mpaka mwisho wa maisha yake, funza mmoja mmoja, na kila nilipouona ule mkono nilijua ni mimi.

Basi andikeni tarehe kwenye taa siku mnayoiweka ikiwa mpya, mjue umri wake. Nyenje wawe wachache, waliwe mbele ya macho yenu.

3. Mchanga utoeni. Unaziba utumbo. Weka karatasi.

4. Mjusi mgeni akae chumba chake siku 90, ahudumiwe wa mwisho, mikono ioshwe. Mkia ukikonda huku anaharisha, peleka kinyesi kipimwe kriptosporidi, vimelea wa utumbo. Vimelea hao hawafi kwa dawa za kawaida za kusafishia, na wakishaingia kwenye matanki yote utalia.

5. Ngozi. Juzi kijana kaniletea mjusi mwenye vidole vitatu vyeusi. Kwenye kila kimoja ngozi kuukuu ilikuwa imejikaza kama pete ya uzi, damu haipiti. Tulimloweka dakika 20 kwenye maji ya vuguvugu, kisha nikaisugua kwa kijiti cha pamba, taratibu, mpaka ikaachia. Viwili vikarudisha rangi. Cha tatu kilikuwa kimeshakauka. Kijana akasema, "Lakini nilimwona akiila ngozi yake, nikajua amemaliza." Aliila ya mwilini, mdogo wangu. Ya vidoleni ilibaki. Mwekee pango lenye unyevu, na akishajivua chukua tochi uhesabu: vidole ni 20.