Muulize Bi Mkubwa wa Usingizi: Nilizinduka nakohoa, mpira ungali kooni

*Assalaam alaykum Bi Mkubwa, na shikamoo. Mimi mtu wa Wete, miaka 52, kazi yangu uchukuzi, na msimu ukifika napakia magunia ya karafuu. Mwaka jana nilipasuliwa ngiri ya kushoto kwa nusu kaputi. Nilizinduka nakohoa kama niliyekwamwa na mwiba wa changu, mpira ungali kooni, na kila nikikohoa nahisi nyuzi zinafumuka. Koo liliniuma siku tatu. Sasa ya kulia nayo imetoka. Je, hawawezi kuuchomoa huo mpira ningali nimelala? Sindano ya mgongo niliikataa, maana barazani wanasema humaliza mtu nguvu. Nameza enalaprili kwa ajili ya presha, na sigara navuta lakini si nyingi. Na mke wangu anaweza kuwapo wakati wa kuchomolewa? — Mchukuzi, Wete*

Wa alaykum salaam, na marahaba mwanangu.

Mpira ule, ndio bomba la kukupitishia pumzi ukiwa umelala, una kipira kidogo karibu na ncha yake ya ndani. Kinajazwa hewa kikabana kwenye bomba la pumzi, ili matapishi yasiteremke mapafuni. Ukiwa umelala fofofo, koo halina habari na mgeni huyo. Dawa ikianza kupungua ndipo linapomgundua, likataka kumtoa. Kwa hiyo kukohoa kwako hakukuwa lazima kosa la mtu. Sisi watu wa usingizi tukikusikia unakohoa, nusu ya moyo inafurahi: mlinzi wa koo amerudi kazini. Nusu nyingine inaomba asizidishe, hasa kama umepasuliwa rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingoni. Mwenye rovu akikohoa kwa nguvu, mshipa uliofungwa unaweza kufunguka, damu ikajaa shingoni na kumbana pumzi. Miaka 29 nimekaa kichwani mwa kitanda cha upasuaji, na wagonjwa wa rovu ndio walionifundisha kuzindua mtu polepole.

Kuuchomoa ungali usingizini kunawezekana, na kwa wengine hufanywa. Lakini muda ule baina ya usingizi na macho ndio wenye hatari: nyuzi za sauti zinaweza kujifunga kabisa hewa isipite, ulimi unaweza kuanguka nyuma, na tumbo likitapika hakuna wa kuzuia. Kwa mtu mnene, au aliyekuwa na shida kuingiziwa mpira, au aliyekula, mimi sithubutu. Na hapo kwenye kula nina kisa. Alikuja bwana mmoja, akaapa hajatia kitu mdomoni tangu usiku. Kumbe kwao waliona kufunga kwa operesheni ni kama swaumu, hivyo alikuwa amekula daku, uji na maharage! Chakula acha muda wa saa 6 kabla ya operesheni, maji matupu muda wa saa 2 kabla, au kama hospitali yako itakavyokwambia. Tambuu nayo ni chakula.

Njia za kupunguza kikohozi zipo, na nyingi si za gharama. Lidokaini, ganzi ile ile ya kung'olea jino, ikitiwa kwenye mshipa dakika chache kabla ya kuchomoa, kwa kipimo cha kama miligramu 1 hadi 1.5 kwa kila kilo ya mwili, hutuliza koo. Wengine huitia ndani ya kile kipira badala ya hewa, ikapenya kidogo kidogo na kuganzisha pale pale. Fentanili kidogo, dawa kali ya maumivu, pia husaidia. Na anayelazwa kwa propofoli, dawa ya usingizi ya mshipani, mpaka mwisho kwa kawaida hukohoa kidogo kuliko aliyelazwa kwa gesi.

Mengine ni ya mkono tu. Mate yafyonzwe mgonjwa angali amezama, si anapofumbua macho. Kipira kisijazwe mpaka kikawa kama jiwe. Shinikizo la hewa yake linatakiwa liwe sentimita 20 hadi 30 za maji kwenye kipimo, na koo linalouma siku tatu mara nyingine hutokana na hapo. Na mtu asipigwe makofi ya mashavu, "Amka! Amka!", huku mpira unatikiswa. Mimi nilikuwa nazima redio ya thieta, kila mtu ananyamaza, namwita mgonjwa kwa jina lake mara moja, kisha nangoja. Wapasuaji walikuwa wakinicheka.

Ila wewe nakuulizia kitu kingine. Kwa nini upitishiwe mpira hata kidogo? Ngiri ya kinenani watu wengi hufanyiwa kwa sindano ya mgongo: miguu inakufa ganzi saa chache, koo haliguswi, mpira haupo. Hizo nguvu zinazosemwa barazani haziondoki. Ganzi ikiisha, miguu inarudi na kila kitu kinarudi. Wanaume wangapi nimewachoma, na baada ya mwaka wananiletea wake zao kujifungua! Baadhi huumwa kichwa siku chache, na wapo ambao sindano haiwafai, kama wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda. Hilo ataliamua atakayekulaza, ukimweleza dawa zako zote.

Nikitaja dawa, enalaprili yako hiyo nayo inaleta kikohozi kikavu kwa baadhi ya watu. Kama unakohoa usiku bila mafua, mwambie daktari wa presha akubadilishie, usiiache mwenyewe. Ikibadilishwa, kikohozi huchukua wiki moja hadi nne kuondoka, kwa hiyo nenda sasa, usingoje wiki ya operesheni. Na "si nyingi" ya sigara naijua, mara nyingi ni pakiti nzima. Wiki 4 bila sigara ndiyo ninayoitaka, lakini hata ukiacha siku moja kabla damu itabeba hewa vizuri zaidi. Kukohoa kila asubuhi pamoja na magunia ndiko kunakoisukuma ngiri itoke, usimlaumu mpira peke yake.

Siku ya kuonana na mtu wa usingizi, mwambie maneno haya haya uliyoniandikia: mwaka jana nilizinduka nakohoa sana, koo likauma siku tatu. Ukiwa na mafua yenye makohozi, sema pia. Operesheni ya ngiri isiyobana inaweza kusubiri wiki mbili.

Mkeo hataingia thieta. Angoje nje, na aje na mto mdogo mgumu kidogo. Ukirudi wodini kikohozi kikikujia, uubane kwenye kidonda kwa mikono miwili, ukunje magoti, ndipo ukohoe. Urojo wa pilipili asikuletee mpaka koo lipone.