Maswali ya Wasomaji: Tajiri wa Bilauri na Makumbusho ya Moscow

SWALI: Nasikia Makumbusho ya Pushkin, Moscow, yalijengwa kwa fedha za mwenye kiwanda cha bilauri. Ni nani, na mbona hayana jina lake?

JIBU: Ni Yury Nechaev-Maltsov (1834–1913), kabaila wa Kirusi. Viwanda hakuvianzisha yeye. Alivirithi mwaka 1880 kwa mjomba wake, Ivan Maltsov, aliyefariki bila mtoto. Kilichovuma zaidi ni cha Gus-Khrustalny, mkoani Vladimir, ambako ukoo wa Maltsov ulitengeneza vioo tangu 1756.

Wazo la makumbusho lilikuwa la Profesa Ivan Tsvetaev wa Chuo Kikuu cha Moscow. Alitaka wanafunzi wazione sanamu za Ugiriki na Roma kwa nakala za plasta, wasilazimike kusafiri. Jiwe la msingi liliwekwa 1898, milango ikafunguliwa 1912. Serikali ilitoa ruble 200,000. Nechaev-Maltsov alitoa zaidi ya milioni 2, yakiwamo malipo ya marumaru nyeupe kutoka milima ya Ural.

Jina liliamuliwa na fedha za mtu mwingine. Varvara Alekseeva aliusia ruble 150,000 kwa sharti kwamba jengo liitwe kwa jina la Mfalme Alexander III. La Pushkin lilikuja 1937, miaka 100 tangu mshairi huyo wa Kirusi afariki. Kwa maoni yetu, aliyebeba sehemu kubwa ya gharama alistahili kukumbukwa zaidi ya hapo.

SWALI: Kwa nini bilauri za kristali humeta kuliko za kawaida? Zinafaa kutumiwa kila siku?

JIBU: Siri ni risasi, yaani ile metali nzito ya kijivu. Kipimo cha zamani ni mchanga sehemu 3, oksidi nyekundu ya risasi sehemu 2, potashi (chumvi ya majivu) sehemu 1. Risasi huongeza uzito, huupinda mwanga zaidi, na hulainisha kioo hata gurudumu la kuchongea likichonge bila kukivunja.

Kinachoharibu kazi kwanza ni chuma ndani ya mchanga: kidogo tu, kioo huwa kijani. Ili kuuondoa ukijani huo, mafundi hutia kiasi cha madini ya manganizi, lakini yakizidi kioo hugeuka zambarau. Moshi nao ni adui, kwa kuwa moto usiopata hewa ya kutosha huinyang'anya oksidi oksijeni yake, risasi ikabaki metali na kioo kikaingia weusi. Ndiyo maana vyungu vya kuyeyushia hufunikwa. Chombo kikishafinyangwa hupozwa polepole katika tanuri la pili. Kikipozwa haraka, nje hukaza kabla ya ndani, na ufa unaweza kutokea hata siku kadhaa baadaye.

Kunywea mezani hakuna shida kubwa. Usihifadhi humo juisi ya ndimu, siki wala mvinyo, maana asidi huitoa risasi taratibu ikaingia kwenye kinywaji. Watoto na wajawazito wasizitumie kabisa.