Cheap, affordable, inexpensive: niweke ipi kwenye brosha?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nafanya kazi ofisi ya safari hapa Arusha. Niliandika "cheap safaris" kwenye brosha, bosi kaikataa. Nina listi ya WhatsApp ya maneno yenye maana moja na cheap: inexpensive, affordable, economical, budget, stingy. Nichukue lolote tu?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Usichukue lolote, na hiyo listi ifute leo.

Cheap siyo tusi, watu wanatafuta "cheap flights" na wakizipata wanafurahi, ila ukiitumia kwa kitu unachouza mwenyewe mteja anasikia bei ya chini na ubora wa chini kwa pamoja. Na huku kwetu ndo balaa zaidi, maana ada za hifadhi hazishuki eti kwa vile wewe umeshusha bei, kwahiyo mgeni akiona "cheap Kilimanjaro climb" anajiuliza kilichokatwa ni msosi wa mlimani au malipo ya wapagazi.

Affordable inaangalia mfuko wa mteja, kwamba ataimudu, hiyo ndo yako. Inexpensive haina ubaya ila ni ya kimaandishi, haina mvuto kwenye tangazo. Budget kwa mawakala ni daraja kabisa, mahema na huduma za kawaida, kwahiyo kama mnalaza wageni lodge usiiweke. Economical ni kwa kitu kisichokula sana, mfano gari isiyobugia mafuta. Na stingy ni bahili! Imeingia humo kwa sababu Wamarekani mtu bahili wanamwita "cheap", mtengeneza listi akazoa tu. Nimeshaletewa brosha nisahihishe imeandikwa "our stingy prices", na imeshachapwa tayari, karatasi inang'aa.

Hawa wauza pdf za "maneno mia uongee kama Mzungu" wananiudhi sana, wanachukua hela za vijana wanaotafuta kazi ya kuongoza watalii na ya hoteli halafu wanawapa maneno bila sentensi hata moja. Roget, yule daktari Mwingereza, alipotoa kitabu chake cha visawe mwaka 1852 alikipanga kimsaidie mtu anayeijua lugha akumbuke neno lililomponyoka, siyo mwanafunzi aokote asilolijua. Kamusi za Oxford na Cambridge za wanaojifunza zipo bure mtandaoni, soma mifano yake, angalia neno linakaa na maneno gani, na mwalimu akishindwa kukutungia sentensi usimlipe.