Kupanga burudani ya usiku parkini: niliyojifunzia Lubumbashi

Usiku wetu wa kwanza wa burudani kwenye parki ya michezo hapa Lubumbashi, Kongo, mama mmoja alisimama mbele ya kibanda cha tiketi, mtoto mmoja mgongoni na mwingine amemshika mkono, akaniuliza usafiri wa kurudi mtaani kwao: "Papa, ku Ruashi tutarudia na nini?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimemaliza wiki tatu nikitafuta sono (mitambo ya sauti), jukwaa na wachezaji. Kwamba ikifika saa tatu usiku watu mia nne watatoka kwa mpigo kupitia geti moja, hilo halikuwahi kunijia kichwani.

Siku hizi napanga usiku kuanzia mwisho wake. Najiuliza kwanza mtu wa mwisho atapata usafiri saa ngapi, halafu narudi nyuma. Mabasi madogo yanaanza kuadimika usiku ukiingia, na manseba, yaani waendesha pikipiki za abiria, wakiona umati getini, bei ya pikipiki inapanda palepale. Kwa hiyo onyesho letu kubwa linaanza saa moja usiku na linakwisha kabla ya saa mbili. Wafadhili hulalamika, wanataka watu wakae wanywe. Waache walalamike.

Na hapo sisi tuna bahati ambayo wenzetu wa Ulaya hawana. Puy du Fou, parki ya maonyesho kule Vendée nchini Ufaransa, wana onyesho la usiku, Cinéscénie, tangu 1978. Wanalifanya majira ya joto, wakati jua lao linachelewa sana kuzama, basi wanalisubiri giza hadi watoto wameanza kusinzia. Lubumbashi mwezi wa Juni jua linazama karibu saa 12 jioni, na Desemba linachelewa nusu saa tu na kidogo. Giza linatufikia mapema, bure. Kwa nini ulipoteze kwa hotuba za ufunguzi?

Kuhusu mwezi, kila mtu anataka Desemba kwa sababu ya sikukuu. Nimefanya Desemba mara moja. Mvua ilishuka na radi zake, tukafunika mitambo kwa mahema na kurudisha pesa za watu. Sasa nafanya Julai: shule zimefungwa, mvua hakuna. Ila baridi ya Julai ya kwetu si ya mchezo, na mzazi ambaye mtoto wake anatetemeka hatabaki hata umletee nani jukwaani. Weka chai ya moto na uji karibu na mahali watoto wanapokaa. Wa michopo, wauza nyama ya kuchoma, wakae upande ambao upepo unapeleka moshi nje. Mwaka mmoja tuliwaweka vibaya, na watazamaji wote wakatoka na machozi.

Fataki usinunue. Najua zinavutia kwenye picha. Lakini Julai nyasi zimekauka kama karatasi, cheche moja inatosha. Na zaidi ya hilo, huu ni mji ambao watu wazima wanaujua mlio wa risasi. Nilialikwa kwenye sherehe moja, fataki ya kwanza ikapasuka bila onyo. Watoto walicheka, wazazi wao wakainama. Hata moshi wake ni shida: Disneyland, parki ya burudani ya California, Marekani, ilianza mwaka 2004 kurusha fataki kwa hewa iliyobanwa badala ya baruti, ili kuupunguza.

Kitu cha kuiga kutoka kwao ni kingine. Mwaka 1972 walianzisha gwaride la taa, magari ya mapambo yaliyojaa balbu yakipita usiku kati ya watu. Ukilifikiria, ni ujanja mkubwa: onyesho linawafuata watu, hawasongamani mbele ya jukwaa moja, na mtoto mfupi anaona. Mimi sina magari ya mapambo. Nilikodi baiskeli kumi za wauza makala (makaa), zile imara zinazobebeshwa mifuko hadi dereva haonekani. Fundi wa kuchomelea akazitengenezea umbo la samaki, la tembo na la treni kwa chuma chembamba, tukazungushia taa za utepe tulizonunua soko la Kenya, mtaa wa hapa mjini, kila baiskeli na betri yake ya pikipiki. Tembo ndiye aliyependwa, ingawa mkonga ulianguka mara mbili.

Betri hizo zilitokana na kosa. Mwaka wa kwanza kila kitu kilitegemea jenereta moja: muziki, jukwaa, hata taa za njiani. Ikazima ghafla. Muziki kunyamaza si neno, watu wangepiga makofi wakaimba wenyewe. Giza njiani ndilo lililotuumiza. Mtoto wa miaka mitano alipotea dakika ishirini, tukampata amelala chini ya bembea. Tangu hapo taa za njia, choo na geti zina umeme wa jua wake, haziguswi na mtu wa sono hata akibembeleza. Na kila mtoto anaandikwa kwa biki (kalamu) namba ya simu ya mzazi mkononi, pale pale anapoingia.

Gwaride likiisha, usiwaage watu. Ukitangaza "kwaheri" wote wanakimbilia getini. Mimi naweka kundi la karindula karibu na njia ya kutokea, lile gitaa kubwa la pipa lililowambwa ngozi ya mbuzi, ambalo halihitaji mitambo mingi. Wenye haraka wanatoka, wengine wanacheza nusu saa, na geti linapumua.

Nje nimesimamisha vibao vya mitaa: Kenya, Katuba, Kampemba, Ruashi. Na manseba tunakubaliana bei mchana, kila mmoja anavaa jile (kizibao) yenye namba na kupanga foleni kwenye kibao chake. Foleni ya Ruashi huwa ndefu kuliko zote, kwa hiyo Julai iliyopita niliihamishia kando ya ukuta, pasipo na upepo, nikaweka benchi tatu za akina mama wenye watoto mgongoni.